Darasa la sanaa la Jumamosi Mikocheni: watoto wanakopi kina Van Gogh, je hela inarudi?

Nianze na bei kabisa maana najua mzazi wa Dar akisikia darasa la sanaa kitu cha kwanza anashika mfuko. Ni elfu 30 kwa Jumamosi moja, ukilipia mwezi mzima inakuwa laki moja, vifaa vyote vya kwao, wewe unapeleka mtoto, chupa ya maji na tisheti ambayo hata ikiharibika huumii. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi, ingawa saa tano ya kule ina mkia, mara nyingi inagonga tano na nusu ndo unamuona mwanao anatoka ana rangi mpaka masikioni. Ni veranda ya nyuma ya nyumba ya mtu huko Mikocheni, watoto hawazidi kumi na mbili, na jina siweki hapa kwa sababu mwalimu mwenyewe (watoto wote wanamuita Ticha na mi nimezoea hivyo hivyo) hataki matangazo, ana foleni ya wazazi tayari. Nimeahidi. Mnaokaa maeneo yale mkiulizana mtampata tu.

Nimepeleka wawili, wa kike ana miaka kumi na mdogo wake wa kiume ana saba, wamemaliza muhula mzima, kwa hiyo haya nayoandika sio ya mtu aliyeenda mara moja akapiga picha akaondoka.

Sasa wanachofanya. Hawachori chochote kinachowajia kichwani, na wala hawapewi kitabu cha kupaka rangi katuni. Wanachukua msanii mmoja mkubwa, aliyekufa zamani au aliye hai, wanakaa naye Jumamosi tatu. Ya kwanza wanaangalia kazi yake, yaani kuangalia kweli, dakika ishirini nzima picha moja, Ticha anauliza maswali tu: mwanga unatoka upande gani, jicho lako limeenda wapi kwanza, hapa katumia brashi nene au nyembamba, umejuaje. Halafu wanajaribu ile mbinu kwenye vipande vidogo vya karatasi. Ya pili wanakopi sehemu tu ya picha, kona moja, sio picha nzima. Ya tatu wanafunga ile picha kabisa, haionekani tena, na kila mtoto anafanya kazi yake mwenyewe, kitu cha nyumbani kwao au mtaani kwao, ila kwa mbinu aliyojifunza. Na kuna sheria moja niliipenda kuliko zote: kazi ya kukopi haibandikwi ukutani na haipelekwi nyumbani kuonyeshwa wageni. Inakaa kwenye faili la mazoezi. Kinachobandikwa ni cha Jumamosi ya tatu.

Nasisitiza hii kwa sababu kabla ya hapa tulishapita sehemu nyingine, siitaji, ya gharama zaidi na AC na picha nzuri za matangazo, ambako watoto wote waliondoka na ule Usiku wa Nyota wa Van Gogh, yule mchoraji wa Kiholanzi, unaofanana, wote, mti uleule mweusi kushoto, mwezi palepale, na ukiangalia vizuri unaona kabisa mkono wa mwalimu ndo umemalizia anga. Ukutani unapendeza sana. Mwulize mtoto kajifunza nini, anakwambia nimechora Van Gogh. Haya, Van Gogh alifanyaje? Kimya. Hapo laki na nusu imekwenda na unabaki na dekoresheni.

Nieleze somo moja kwa kirefu muelewe tofauti. Msanii wao wa kwanza alikuwa Albrecht Dürer, Mjerumani, na picha ni ya faru aliyemchora ikachapwa kwa ubao wa kuchonga mwaka 1515. Kituko cha ile picha ni kwamba Dürer hajawahi kumuona faru maishani. Yule faru alitolewa India akapelekwa Lisbon, zawadi kwa mfalme wa Ureno, na Dürer yeye yuko Nuremberg huko, kilichomfikia ni maelezo ya barua na mchoro wa haraka wa mtu mwingine. Basi akatoa mnyama kama kavaa vyuma vya vitani, miguu ina magamba, na juu ya mabega kamuongezea kipembe kidogo ambacho faru hana. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti, maana watoto wa Tanzania faru wanamjua, kama sio Ngorongoro basi kwenye TV, "Ticha huyu kakosea", "Ticha huyu ni kobe". Ticha akawaacha wacheke wee, halafu akatoa mfukoni noti ya elfu tano, si ina faru, akaiweka pembeni ya picha, akatoa lenzi ya kukuzia akasema njooni mmoja mmoja mniambie hawa wawili wanafanana nini.

Mwanangu wa kike ndo alienda wa tatu au wa nne hivi akasema, wote wametengenezwa kwa mistari. Na ndo lenyewe. Ukiweka lenzi kwenye ile noti unaona hamna sehemu iliyopakwa kijivu, ni vimistari tu, vikikaribiana panakuwa giza, vikiachana panakuwa mwanga, vikikatizana giza linazidi, vikipinda na tumbo la mnyama unaona tumbo limejaa. Dürer kafanya hivyo hivyo zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Anatomia kapotea, mistari kaiweza kuliko mtu yeyote, na Europe nzima ikaamini faru yuko vile kwa miaka mingi sana kwa sababu ya ile mistari. Mtoto wa miaka saba akishaelewa hicho huwezi kumtoa. Sasa hivi nikitoa elfu tano nimlipe bodaboda anaomba kwanza aiangalie, bodaboda anasubiri, watu wanatuangalia.

Jumamosi ya tatu wakaambiwa wachore kitu cha nyumbani kwa mistari tu, marufuku kupaka penseli kwa kidole ukasambaza kivuli, ule mchezo watoto wote wanaoupenda. Dada mtu akachora jiko la mkaa. Ndani ya jiko alikatiza mistari safu juu ya safu mpaka karatasi ikatoboka, akabandika kipande kwa nyuma akaendelea, na lile jiko nawaambia ukweli lina shimo, unahisi ukitia mkono utaungua. Mdogo wake kachora kiatu chake cha shule, kiatu kimepinda pinda, kamba ziko saba wakati kiatu kina matundu manne, lakini kwenye soli chini kaweka mistari ya kukatizana na kiatu kimekaa chini kweli, hakielei hewani. Mwaka jana viatu vyake vyote vilikuwa vinaelea.

Kingine alichowafanyia kwenye somo hilo, wakati wa kukopi ile kona ya picha aliigeuza juu chini. Mtoto akiona mguu anachora mguu anaoujua yeye, ule wa kila siku, vidole vitano na basi. Picha ikiwa juu chini hajui tena ni mguu, anabaki na mstari unaoenda hivi na mwingine unaokuja vile, anachora anachokiona. Nimejaribu na mimi nyumbani usiku watoto wamelala. Inafanya kazi, ila shingo inauma kwa sababu unatamani kugeuka.

Van Gogh wamemfanya pia, siwezi kusema hawakumfanya, huyo hakwepeki. Lakini hawakuanzia kwenye rangi. Ticha kaanza na michoro yake ya wino ya Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, ambayo Van Gogh alichora kwa kalamu za matete alizochonga mwenyewe. Watoto wakapewa matete makavu, watoto wakubwa wakachonga kwa kisu chini ya usimamizi, wadogo wakachongewa. Bibi yao alipoona yale matete nyumbani akashangaa, akasema hizi si ndo kalamu za chuo cha Kurani, akawaonyesha jinsi ya kukata ncha kwa mshazari na kuipasua katikati ili wino ushuke vizuri, maana Unguja utotoni kwake walikuwa wanaandikia hizo. Jumamosi iliyofuata mwanangu kaenda na kalamu iliyochongwa na bibi na ikaandika vizuri kuliko za darasa zima. Ticha akaniomba nimshukuru mama na akauliza kama anaweza kuja siku moja. Mama kasema atafikiria, akamaanisha ndio.

Mbinu yenyewe ni kwamba tete halibebi wino mwingi, unachovya, unapata mstari mfupi, umeisha, unachovya tena. Kwa hiyo huwezi kuchora shamba kwa mstari mmoja mrefu, unalazimika kuligawa: huku vidoti, huku vimstari vilivyosimama, huku vilivyolala, huku vya kujikunja. Kila kitu kinapata alama yake. Na ukishaona hivyo ndo unarudi kwenye ule Usiku wa Nyota, ambao kaupaka mwaka uliofuata, 1889, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, unakuta rangi nzito imewekwa kwa mipigo mifupi mifupi kama ileile ya matete, anga inazunguka kwa sababu mipigo inazunguka. Mtoto wangu ndo kanieleza mimi hayo, kwenye daladala, kwa sauti kubwa, konda akawa anasikiliza.

Sasa hapa ndo pana ugomvi wa kifamilia. Kaka yangu yuko Nairobi miaka mingi, anapenda sanaa kuliko mimi, nilipomtumia picha za watoto akanijibu, "Sasa dada unalipa laki ili watoto wakafundishwe kukopi wazungu?" Akanikumbusha mzee Elimo Njau, mchoraji wetu wa Marangu aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, ambaye kauli yake maarufu ni kwamba kukopi kunamlaza Mungu usingizi. Kauli nzito, na nakubali ina ukweli, lile darasa la kwanza lenye AC lilimlaza kweli. Ila nikamwambia kaka, Njau huyohuyo ukienda kanisa la Murang'a utakuta michoro yake ya ukutani ya mwaka 1959, kuzaliwa kwa Yesu, karamu ya mwisho, kusulubiwa, yaani matukio yaleyale ambayo wachoraji wa Italia na Uholanzi wameyachora karne na karne, yeye kayachukua kayaweka Uafrikani na watu wa Kiafrika. Mpangilio wa karamu ya mwisho hakuuzua yeye. Kaujua, halafu kaufanyia lake. Na hiyo ndo Jumamosi ya tatu ninayoisema.

Na Van Gogh mwenyewe alikopi. Mwaka 1887 akiwa Paris alikopi picha za Hiroshige wa Japani, ile ya daraja kwenye mvua akaizungushia fremu ya herufi za Kijapani ambazo alizitoa kwenye picha nyingine. Halafu kule hospitali akakopi michoro ya wakulima ya Millet, mchoraji wa Kifaransa, zaidi ya ishirini, kutoka kwenye chapa za nyeusi na nyeupe, rangi akatia zake. Ticha kalifanya somo hilo na ni rahisi ajabu: kapeleka picha stationery, katoa fotokopi nyeusi na nyeupe, shilingi mia mia, kawapa watoto akasema umbo ni la Millet, rangi ni zenu. Mmoja katoa mkulima wa zambarau shamba la pinki. Na makumbusho ya Louvre pale Paris tangu 1793 wanaruhusu watu kuingia na vifaa vyao kukopi picha ukutani, mpaka leo. Kaka kanijibu na emoji ya kucheka, nimehesabu kama ushindi.

Ila jibu kubwa zaidi kwa kaka lilikuwa la hapahapa Dar. Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kaanza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya silingibodi na zile rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, akawa anauza Oysterbay pale Morogoro Stores. Alifariki 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, miaka minne tu tangu aanze. Na kwa nini mpaka leo picha zake zipo kila mahali kuanzia Mwenge mpaka Stone Town? Kwa sababu wanafunzi wake, kina January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, walikaa pembeni yake wakaangalia mkono wake wakafuata. Hakuna chuo, hakuna silabasi. Unaanza kwa kupaka bakgraundi ya bosi, baadaye unaruhusiwa vidoti, baadaye mnyama, baadaye wako. Huo si ndo ufundishaji huuhuu? Tena bila laki.

Ticha aliwapeleka Morogoro Stores wakawaone mafundi wakifanya kazi, na kilichowashangaza wanangu ni mpangilio. Watoto huanza na mnyama halafu wanahangaika kujaza rangi pembeni ya masikio. Pale fundi anapaka bakgraundi kwanza ubao wote, anaweka juani, anasubiri ikauke, ndo anaweka umbo la mnyama kwa rangi moja, inakauka, ndo vinakuja madoa, macho, mistari ya nje. Kusubiri ni nusu ya kazi. Darasani walitumia rangi za maji nzito badala ya zile za baiskeli maana zile harufu yake kwa watoto hapana, na mwanangu mdogo kachora paka wa jirani yetu, mmoja tu katikati, bakgraundi ya kijani tupu, kama zile kazi za mwanzo za Tingatinga mwenyewe kabla wanafunzi hawajaanza kujaza Serengeti nzima kwenye ubao mmoja. Yule paka ana macho matatu. Niliuliza, nikaambiwa la tatu ni doa.

Wengine nipite haraka. Seurat, mchoraji wa Kifaransa, na vidoti vyake, walitumia vile vijiti vya pamba za masikio, rangi mbili pembeni kwa pembeni ukirudi nyuma jicho linazichanganya, wadogo wamependa sana ila wakubwa walichoka, na hapa Ticha kateleza kidogo: ile picha ya Jumapili kwenye kisiwa cha Grande Jatte iliyopo Chicago ina mita mbili kwa tatu, Seurat aliifanya 1884 mpaka 1886, mtoto akionyeshwa kwenye A4 haelewi kwa nini mtu mzima apoteze miaka miwili na vidoti. Angechukua hata shuka la kitanda la sita kwa sita aning'inize aseme picha inazidi hili. Matisse, Mfaransa mwingine, na mkasi, yule mzee alipofanyiwa operesheni 1941 akawa hawezi kusimama sana, akaanza kukata makaratasi yaliyopakwa rangi badala ya kuchora, hilo lilienda vizuri na ni usafi, mama mwenye nyumba naamini alifurahi.

Hokusai lakini nimpe nafasi. Lile wimbi kubwa, Japani, kama 1831 hivi, Hokusai ana miaka sabini. Watu wengi hatujui kwamba pale kuna mashua tatu zenye watu wameinama na mlima Fuji mdogo kule nyuma, tunaona wimbi tu. Ni picha ya kuchapa kwa mbao, kwa hiyo watoto walichonga na penseli butu kwenye vifuniko vya vile viboksi vyeupe vya chipsi, vilivyooshwa jamani, wakapaka bluu, wakagandamiza karatasi. Wanajifunza vitu viwili kwa mpigo: kwamba kilichochongwa kinatoka cheupe, na kwamba kila kitu kinageuka, kulia kunakuwa kushoto. Mwanangu wa kike kaweka pantoni ya Kigamboni chini ya wimbi, imejaa watu na bajaji, na mahali pa Fuji kaweka jengo refu la bandari. Kachonga neno KIGAMBONI likatoka limegeuka, akalia, akaambiwa achonge upya kwa kugeuza, akaandika kwanza kwenye karatasi akaishika mbele ya kioo. Hiyo chapa iko sebuleni kwangu na mgeni wa kwanza kuiona kaniuliza nimeinunua wapi.

Malalamiko sasa, maana yapo.

Karatasi. Kwa laki moja kwa mwezi huwezi kumpa mtoto karatasi ya fotokopi apake rangi ya maji, inajikunja inakuwa chapati, na walifanya hivyo mwanzoni mpaka wazazi tukasema, ndo zikaja karatasi nzito. Chapa za rangi anazoonyesha zimetolewa kwenye printa iliyoishiwa wino, alizeti za Van Gogh zimekuwa za kijani, na kwenye somo la rangi hilo ni tatizo kubwa. Tableti moja ingetosha. Picha zenyewe ziko bure, makumbusho kama Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan la New York yanakuruhusu kupakua picha za wasanii wa zamani kwa ukubwa ambao unaona mpaka nyufa za rangi, ni bando tu.

Miaka. Wa miaka sita na wa miaka kumi na mbili hawawezi kukaa somo moja kwa masaa mawili. Yule mdogo baada ya saa moja na nusu ya somo kashamaliza, anaanza kumchora mwenzake mkononi. Wagawe makundi mawili, hata kama ni kwa kuongeza elfu tano nitalipa.

Choo ni kimoja na maji siku nyingine ni ya ndoo. Parking ni vurugu, ukichelewa unapaki mbali unatembea. Mvua ikinyesha ya upepo ile veranda inalowa upande mmoja wanajibana.

Na kubwa kuliko yote kwangu: muhula mzima hakuna mwanamke hata mmoja. Nimemwambia Ticha usoni kwa heshima zote, binti yangu kakaa na wazee wa kiume tu tangu Dürer mpaka Tingatinga, na alianza kuuliza. Tena wapo wanaofaa darasa hili kuliko hata hao. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, Mndebele, kazaliwa 1935, kajifunza kupaka kuta za nyumba kwa mama yake na bibi yake akiwa na umri kama wa binti yangu, anachora ile mistari iliyonyooka bila rula, kwa unyoya wa kuku, na mwaka 1991 BMW walimpa gari zima apake. Mtoto gani atakataa somo la gari? Na rula ingepigwa marufuku, ingekuwa zoezi la mkono kuliko yote waliyofanya. Ticha kakuna kichwa akasema kweli mama, akaandika kwenye kidaftari chake. Tutaona.

Nani apeleke mtoto huko? Kama mwanao anapenda kuchora lakini amekwama, anachora nyumba ileile na jua lilelile pembeni kila siku, peleka, watamtoa hapo ndani ya mwezi. Kama unataka kitu kizuri cha kutundika kila wiki usipeleke, Jumamosi mbili kati ya tatu anatoa vipande vya karatasi vyenye mistari tu, navyo vinabaki kwenye faili, na utaona kama umeibiwa. Na kama mtoto hapendi kukaa chini kabisa, zile dakika ishirini za kuangalia picha moja zitamtesa yeye na zitawatesa wenzake, kuna mmoja aliacha kwa sababu hiyo na mama yake hakukasirika, kampeleka karate.

Kama laki haipo, fanyeni nyumbani, sitanii. Noti ya elfu tano na lenzi. Kifuniko cha boksi la chipsi, rangi ya bluu ya Kariakoo, kijiko cha kusugulia nyuma ya karatasi. Picha moja kwenye simu, zima data ili meseji zisiingie, na maswali matatu kabla ya kugusa penseli. Utakachokosa ni Ticha kujua lini anyamaze, na hiyo kwangu ndo kazi ngumu, mi mzazi nikiona mstari umeenda pembeni mkono unaniwasha.

Nyota nne kati ya tano, ya tano wameipoteza kwenye karatasi na choo. Muhula ujao Ticha kasema wanaanza na George Lilanga, mashetani ya Kimakonde, wale wenye masikio makubwa na vidole vichache, halafu huyo mama wa BMW akijaliwa. Ya dada mtu nimeshalipa. Ya mdogo wake inasubiri mshahara utoke, na ameshaanza kuuliza tarehe.